Watu wa Kuvusha

Miaka ya 1960 na 1970, aliyetoka Kenya kwenda Uganda kupitia Busia alionyesha karatasi zake kwenye lango la kwanza, kisha akajikuta katikati. Kenya ameshaiaga, Uganda haijampokea. Mbele yake barabara ya vumbi, jua la saa saba, mzigo kichwani na pengine mtoto mgongoni. Basi lililomleta limeishia pale, na gari la kuvuka lilitaka hati ambazo msafiri wa kawaida hana. Vijana wa mji wakaliona hilo. Wakachukua baiskeli zao nyeusi, zile nzito za keria pana, wakafunga juu ya keria mto wa sponji, wakajipanga karibu na lango. Kila aliyetokeza walimwita kwa neno walilolisikia kwa maafisa wa Kiingereza wakalifanya lao: "Boda! Boda!" Kutoka mpaka hadi mpaka.

Neno hilo leo linaishi Kampala na Nairobi, Dar es Salaam na Juba. Mtoto wa Tandale analitamka kabla hajajua kusoma, na ndani ya neno lake mna Busia.

Ninaandika kumbukumbu hii kwa ajili ya mahali hapo. Taifa huikumbuka Busia na mji mwenzake wa mpakani, Malaba, marais wanapokutana, foleni ya malori inaporefuka, au mahindi yanapozuiwa langoni. Mimi huvutwa zaidi na mitaa iliyoota kando ya malango yale: Burumba, Marachi, vibanda vya Soko Matope, vyumba vya kupanga vinavyoteremka kuelekea mto Malaba. Waliokaa humo, baba hadi mwana na mama hadi binti, wamefanya kazi moja kubwa ya kumvusha mwenzao. Hiyo ni taasisi, na umri wake unazipita idara nyingi zenye bendera mlangoni.

Mpaka wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko makaburi ya wazee wa pale. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 nchi hii yote, tangu ziwani hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo Waingereza waliihamishia upande wa himaya yao ya Afrika Mashariki, reli yao ipate kuwa chini ya utawala mmoja, na mstari mpya ukafuata mito: Sio upande wa kusini, Malaba upande wa kaskazini, ukapanda hadi Mlima Elgon. Amri ya mwaka 1926 ikauandika upya kwa urefu na kwa sheria. Wasamia walikuwa wamelala nchi moja, wakaamka wako mbili. Wateso, waliokuwa wameshuka huku kutoka nyanda za Uganda katika karne ya 19, wakajikuta na mbuga zao za zamani ng'ambo na mashamba yao mapya Kenya. Hata leo Emorimor, kiongozi wa kimila wa Wateso ambaye makao yake ni Soroti, huwahesabu Wateso wa Amagoro na Amukura miongoni mwa watu wake.

Ukitaka kuona mstari huo ulivyoshindwa kuwagawa watu, tazama nyumba ya Kasisi Jeremiah Awori wa Samia. Mwanawe mmoja, W. W. W. Awori, alikuwa mwandishi wa habari na mwanasiasa Nairobi enzi za ukoloni. Mwingine, Moody Awori, aliwakilisha Funyula katika Bunge la Kenya kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2003 akateuliwa Makamu wa Rais. Mwingine tena, Aggrey Awori, alikuwa mbunge katika Bunge la Uganda, akiwawakilisha Wasamia wa ng'ambo. Mwaka 2001 alisimama kugombea urais wa nchi hiyo dhidi ya Yoweri Museveni, na baadaye akawa waziri katika serikali yake. Tumbo moja lilimzaa makamu wa rais wa nchi moja na mgombea urais wa nchi ya pili. Wageni husimulia habari hiyo kwa mshangao. Wasamia hawaishangai, kwa kuwa kila ukoo wao una mjomba wa huku na shangazi wa kule, na msiba ukitokea turubai hutoka upande mmoja na sufuria upande mwingine.

Miji hii miwili huitwa pamoja kama mapacha, lakini haifanani. Malaba imezaliwa na reli na mto. Reli ilipita hapo ikielekea Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala, hivyo Malaba ikawa stesheni ya mwisho upande wa Kenya. Ukisimama juu ya mteremko unauona Mwamba wa Tororo umekaa peke yake ng'ambo kama mtu anayekungoja. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, treni zilizowapeleka Mombasa zilipita kwenye stesheni hiyo, zimejaa watu waliobeba maisha ya vizazi vitatu ndani ya masanduku. Baadaye malori yaliipiku reli. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba ni takriban kilomita 930, na dereva aliyefika hapo alikuwa amekula vumbi la nusu ya nchi. Alihitaji chakula, maji ya kuoga, kitanda na mtu wa kuongea naye. Malaba ilijengwa kumpa hayo.

Busia haina mto kati yake na mwenzake. Upande wa Kenya na upande wa Uganda ni mji mmoja uliopitiwa na mstari, kiasi kwamba mgeni anaweza kununua mkate Kenya na kuula Uganda kabla haujapoa. Barabara yake ni ile ya Kisumu, na pumzi yake ni soko. Mwaka 1963 ikawa makao makuu ya wilaya, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 ikawa makao ya kaunti nzima, kuanzia Budalangi kwenye mafuriko ya Nzoia hadi Malaba yenyewe. Kwa hiyo Busia ina makarani, hospitali kuu, mahakama na wafungwa. Malaba ina malori.

Mitaa ya pembeni iliota bila ramani. Aliyetoka Nambale, Butula au Bunyala kutafuta kibarua cha siku alipanga chumba Burumba kwa mwezi mmoja, akaleta mke, akazaa, akazeeka. Wajaluo walikuja na samaki, Wakikuyu na maduka ya rejareja, Wasomali na nguo na mafuta, Waganda na Wasoga na ndizi. Jina Marachi ni la Waluhya wa Butula, lakini leo vyumba vyake vimepangwa na watu wa kila lugha. Kiswahili cha hapa kimelelewa na wote hao. Ni Kiswahili cha biashara, kina haraka, kinakopa bei kwa Kiganda, salamu kwa Kisamia na matusi kwa Kiteso, na mama wa sokoni hubadilisha lugha tatu katika kuuza nyanya za shilingi 20. Wengine hukiita Kiswahili kibovu. Mimi nakiheshimu, kwa kuwa ndicho walichojifunza Waganda wengi wasiowahi kukipata darasani.

Enzi za Amin ndizo zilizoikomaza mitaa hii. Uchumi wa Uganda ulianguka. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya kupikia vikawa adimu kule na tele huku, na kahawa ikawa tele kule na ghali huku. Neno magendo, ambalo Kiswahili kilikuwa nalo siku nyingi, likapata kazi mchana na usiku. Mwaka 1976, baada ya baridi kali ya mwaka uliotangulia kuharibu mibuni ya Brazili na bei ya kahawa kupaa duniani, soko dogo la Chepkube, kule chini ya Elgon, likafurika kahawa ya Uganda, na watu waliolala maskini wakaamka na malori. Busia na Malaba zilipata sehemu yao. Februari mwaka huohuo Amin alikuwa amedai kwamba Kenya ya magharibi ni yake kihistoria, karibu hadi Nairobi. Dai hilo lilijengwa juu ya ramani zilezile za kabla ya 1902, na liliwatia watu wa mpakani hofu kuliko lilivyowatia watu wa mji mkuu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mipaka ikazidi kukaza.

Najua sheria inayaitaje mambo ya wakati ule. Lakini sina moyo wa kumlaumu mama aliyevuka usiku kwa njia za panya, mche wa sabuni umefungwa tumboni kama mimba, ili wajukuu wa dada yake Tororo waoge. Pamoja na bidhaa walivuka watu. Walimu wa Uganda waliokimbia walipata madarasa Kenya, na wanafunzi wengi wa magharibi ya Kenya walifundishwa hesabu na sayansi na walimu waliofika mpakani na cheti kimoja na viatu vya kuchakaa. Hilo nalo lilikuwa kuvusha.

Sasa niwaseme watu ambao kumbukumbu za mji huu zikiwaacha zitakuwa zimesema uongo. Miguu ya watu hao ilipoozwa na polio au ilikatwa. Watu wa mpakani walizoea kuwaona wameketi juu ya baiskeli za magurudumu matatu, pedali zake ziko mbele ya kifua na huzungushwa kwa mikono. Kwingineko chombo hicho kilitengenezwa kumsaidia mlemavu afike kanisani au hospitalini. Busia walikifanya lori. Chini ya kiti na nyuma yake waliunganisha nafasi ya mizigo, wakapakia sabuni, chumvi, mafuta, chochote, wakaajiri kijana wa kusukuma, wakapita langoni. Maafisa wa forodha waliwaachia mara nyingi, wengine kwa huruma, wengine kwa kuwa ushuru wa mzigo ule haukustahili ugomvi na kundi la watu wanaojua kupiga kelele pamoja. Kazi ilipokua walijiunga katika vyama, wakapanga zamu, wakasuluhishana, wakazika wenzao. Wamejenga nyumba kwa mikono ileile ya kuzungusha pedali, wameoa, wamesomesha. Watafiti wa vyuo vikuu walikuja kuandika juu yao, maana ni nadra kukuta mahali ambapo kilema kimekuwa cheti cha kufanya biashara. Nami nasema hivi: yupo mtu mzima mwenye miguu miwili mtaani Marachi ambaye karo yake ililipwa na baba asiye na hata mmoja.

Mpaka haukukosa risasi. Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yalirushiana risasi Busia, lango likafungwa, watu wakakimbilia vijijini kwa jamaa. Kabla mwaka haujaisha Daniel arap Moi na Museveni walikutana Malaba na njia ikafunguliwa. Walioteseka siku zile ni wenye vibanda. Kibanda kinachofungwa wiki moja hula mtaji wa mwaka.

Mwaka 1990 Busia ilipata jeraha la aina nyingine. Waziri wa Leba, Peter Okondo, aliwaonya maaskofu Alexander Muge na Henry Okullu wasithubutu kukanyaga Busia. Muge wa Eldoret akaja. Tarehe 14 Agosti alikutana na waumini mjini, na akirudi akafa katika ajali ya barabarani Kipkaren. Okondo alijiuzulu. Mji ambao kazi yake yote ni kumpitisha mgeni salama ukabaki umetajwa katika kifo cha mgeni, na wazee wa kanisa bado huitaja tarehe hiyo kwa sauti ya chini.

Katika miaka ileile ukimwi ulikuwa ukipita barabarani pamoja na malori. Dereva aliyengoja siku tatu hadi saba hati zake zitoke alilala Malaba, na msichana aliyekosa karo alitafuta kazi kwenye baa na loji. Hapakuwa na dawa. Mitaa ikajaa mayatima, na nyanya waliokuwa wamestaafu sokoni wakarudi sokoni kuwalea.

Watoto wa hapa walihusika pia katika jambo ambalo dunia inalijua kuliko Wakenya wengi. Mwaka 1998, katika shule 75 za msingi za kusini mwa Busia, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walianza kufuatilia wanafunzi waliopewa vidonge vya minyoo. Utoro ulipungua kwa robo hivi, hata watoto jirani wasiomeza wakanufaika kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua udongoni. Utafiti huo ulibishaniwa sana baadaye, lakini ulisaidia kuzaliwa kwa mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, na Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Vijana wa Busia ndio waliobeba madodoso, wakaendesha pikipiki hadi kwenye maboma, wakageuza maswali ya Kiingereza kuwa Kisamia kinachoeleweka. Nako Alupe, kwenye barabara ya kwenda Malaba, mahali palipojulikana kwa hospitali na utafiti wa ukoma tangu ukoloni, mwaka 2022 pakawa chuo kikuu kamili. Palipokuwa pa kuwatenga watu, sasa matatu hushusha wanafunzi.

Mwanzoni mwa 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipowaka Kenya, njia iligeuka. Kwa miaka mingi Waganda walikuwa wamekimbilia huku. Sasa maelfu ya Wakenya walivuka kupitia Busia na Malaba, wakapokewa katika shule na makanisa, kisha kambi ya Mulanda karibu na Tororo. Reli iling'olewa Nairobi na petroli ikaadimika Kampala. Waliowabebea wakimbizi magodoro yao walikuwa wanaume wa baiskeli, baadhi yao wakiwa wa makabila yaliyodaiwa kuwa maadui wa abiria wao.

Mwaka huohuo serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na mlio wa injini ukaimeza kengele ya baiskeli. Kijana wa bodaboda alipata mwendo, deni la mkopo na majeraha ya ajali. Baiskeli zilibaki Busia kwa mizigo na safari fupi, zikiendeshwa na watu wazima wanaojua kila shimo.

Tarehe 24 Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Utaratibu wake unaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kusota kwenye foleni mbili. Sasa msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Hapo hukuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa ukumbi mmoja, wa kwanza anamtoa, wa pili anampokea. Malaba nayo inafanya kazi hivyo. Lori lililokuwa likilala siku kadhaa sasa huweza kupita kwa saa chache. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, zilizozalishwa Afrika Mashariki, anaweza kujaza cheti rahisi cha asili na kupita bila ushuru wa forodha.

Ni maendeleo, nami nayapongeza. Lakini mitaa hii ililelewa na kungoja. Mama aliyepika chapati usiku kwa ajili ya madereva, mwenye loji, kijana wa kulinda tela, wakala wa forodha aliyebeba mafaili chini ya kwapa, wote walikula kutokana na saa ambazo serikali iliwapotezea wengine. Saa hizo zilipopunguzwa hakuna aliyekuja Malaba kuwauliza mtakula nini. Nadhani hilo lilikuwa kosa, na bado linaweza kurekebishwa.

Kungoja kulirudi kwa njia mbaya mwaka 2020. Uviko ulipoingia, madereva walipimwa langoni, na foleni ya malori ikarudi nyuma kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita. Watu walewale waliokuwa wakipikia madereva waliambiwa wawaogope. Madereva wakaitwa wabebaji wa ugonjwa. Januari 2022, Uganda ilipodai madereva walipie vipimo, foleni ikajirudia. Katikati ya misukosuko hiyo, Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na kwa siku kadhaa magunia yakalala langoni, yakisubiri na watu waliokopa kuyanunua.

Kila mara, mtaa uliwasitiri watu wake. Mwenye nyumba alisubiri kodi, mwenye duka alifungua daftari la deni, na mjomba wa ng'ambo alipitisha ndizi chini ya ua.

Kipande kile cha katikati, kati ya lango na lango, sasa kina lami, taa, nyua za waya na kumbi zenye viyoyozi. Natamani pale ambapo vijana wa kwanza walijipanga isimamishwe baiskeli moja ya chuma, nyeusi, keria yake pana imefungwa mto wa sponji, na kando yake iwekwe ile ya magurudumu matatu yenye pedali za mkono. Zigeuzwe kuelekea Uganda, tayari kuondoka.